Mama kaambiwa aache vidonge anywe uyoga wa kwenye mti

SWALI: Shikamoo mama. Niko Machame, kwenye kihamba cha babu kuna mparachichi mzee, chini kabisa ya shina pameota kitu kama uyoga ila kigumu kama ubao, juu chekundu kinang'aa utadhani kimepakwa vanishi, pembeni kina ukingo mweupe. Shangazi katoka mjini kakiona akasema hiyo ndo ganoderma wanayoweka kwenye zile kahawa za bei mbaya, tuchemshe tumpe mama maana ana presha na sukari, aachane na vidonge vinamchosha. Ni kweli? Na kama ni kweli naweza kuotesha mwenyewe hapa nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mama yako, mengine yatasubiri. Vidonge asiache, hata siku moja asiache, na hili naomba umwambie na shangazi kwa heshima zote. Presha haiumi, mtu anaacha dawa anajiona mzima kabisa halafu asubuhi moja anaamka mdomo umepinda upande. Kama vidonge vinamchosha arudi kliniki aseme hivyo hivyo, daktari anaweza kumbadilishia, dawa za presha ziko aina nyingi.

Sasa shangazi hajatoa habari hewani. Ganoderma Wachina wanaiita lingzhi, Wajapani reishi, na vitabu vya dawa vya China vimeiandika miaka kama 2000 sasa, wakiisifia kwa moyo, kifua, usingizi na maisha marefu. Porini ilikuwa adimu sana kwa hiyo ikawa kitu cha wakubwa, mpaka Wajapani walipojua kuiotesha vizuri miaka ya 1970 ndo ikashuka bei na kuenea. Na siyo Waasia tu waliothamini uyoga wa miti. Mwaka 1991 huko milimani mpakani mwa Austria na Italia iliokotwa maiti ya mtu aliyekufa miaka kama 5300 iliyopita, barafu imemhifadhi, na kwenye vitu vyake kulikuwa na vipande vya uyoga wa mti vimetungwa kwenye kamba ya ngozi, pamoja na uyoga wa aina nyingine ambao watu walikuwa wanawashia moto. Kwa hiyo ni jambo la kale, mimi mwenyewe naliheshimu.

Ila kuheshimu ni tofauti na kuamini kila kitu. Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima, waliiangalia mwaka 2015 kwa wagonjwa wa sukari wakaona ushahidi hautoshi kusema inashusha sukari au presha. Na inaweza kugongana na dawa, mtu anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini anaweza kuvuja damu, anayesubiri upasuaji aiache mapema na amwambie daktari. Mama akitaka kikombe chake amuulize daktari kwanza, na kiwe juu ya vidonge, sio badala yake.

Halafu huo wa kwenye mparachichi usiuchemshe. Jamii ya ganoderma ina ndugu wengi wanaofanana, kwa macho huwezi kujua ni upi, na hujui huo mti umepigwa dawa gani za wadudu miaka yote. Kingine ambacho hukuniuliza lakini ndo kimenitia wasiwasi: uyoga huu ukitokea chini ya shina mara nyingi maana yake mizizi inaoza kwa ndani, juu unaona majani mabichi na matunda unachuma kama kawaida, masika ikija na upepo mti unalala. Kama uko karibu na nyumba au banda la ng'ombe tafuta fundi aukate kabla ya mvua.

Kuotesha inawezekana. Kwanza mbegu: uliza kabisa kama ni ya reishi, maana wengi wanaouza huku wanayo ya mamama tu, ule uyoga laini wa mboga. Vumbi la mbao chukua la mti mgumu, mgrevilea unafaa, la msonobari achana nalo. Vumbi debe nne, pumba za ngano debe moja, chokaa kidogo, maji mpaka ukiminya ngumi litoke tone moja mawili lisichuruzike. Jaza kwenye mifuko inayohimili moto, pika kwa mvuke kwenye pipa masaa 8 au zaidi, uhesabu tangu mvuke uanze kutoka. Mimi mara ya kwanza nilipika masaa 3 kama ya mamama, mifuko yote ikaota ukungu wa kijani nikamwaga, iliniuma kweli. Acha ipoe usiku mzima, panda mbegu mikono imepakwa spiriti, weka gizani penye joto la nyuzi 25 mpaka 28. Mfuko ukishakuwa mweupe wote fungua mdomo, upate mwanga kidogo, nyunyizia hewani chumba kiwe na unyevu. Machame Juni na Julai usijaribu kabisa, baridi ile itaudumaza, anza Oktoba.

Ukingo mweupe ukiisha, vuna. Kata vipande vyembamba siku hiyo hiyo ukiwa bado laini, ukikauka utatafuta shoka. Vaa barakoa, ule unga wa kahawia unaodondoka unasumbua wenye pumu. Kausha mpaka vivunjike, kisha kuchemsha ni moto mdogo masaa mawili, na uchungu wake jiandae, ni kama mshubiri.

SWALI: Mimi niko Sakina, Arusha. Reishi yangu imeota kama pembe za swala, ndefu, haina kofia kabisa. Mbegu mbovu?

JIBU: Mbegu yako nzima, chumba ndo hakina hewa. Uyoga nao unapumua, ile hewa chafu ikijaa unarefuka tu kutafuta pa kutokea. Fungua dirisha, weka chandarua kuzuia nzi, ongeza kunyunyizia maji maana upepo unakausha, na ncha zitaanza kutanuka. Zile pembe usitupe, zinakaushwa na kuchemshwa vile vile.