Fundi wa Sauti Anajibu: Hedifoni za umemetuli, nichukue ipi?

Swali: Shikamoo Fundi. Ninasikiliza Stax SR-L300, hedifoni ya umemetuli ya kampuni ya Kijapani, kwa amplifaya ndogo ya SRM-252S, na sasa nimeweka akiba ili nipande daraja, pengine kwa mara ya mwisho. Husikiliza chumbani usiku: waimbaji wenye ala chache, kwaya, piano, na jazi mara mojamoja. Nimekwama kati ya SR-007 Mk2 (yaani toleo la pili) na SR-009S. Rafiki yangu anasema nichukue 009S kwa kuwa ndiyo kubwa, amplifaya nitabadilisha huko mbele. Muuzaji naye ananishauri SR-L700 Mk2 pamoja na amplifaya mpya, na fedha haitazidi. Naogopa kujutia. Navaa miwani. *Msikilizaji wa Usiku*

Jibu: Marahaba mwanangu. Chukua L700 Mk2 na amplifaya mpya. Nimelitanguliza jibu ili usisome ukiwa roho juu. Sasa nikueleze sababu, maana fedha ni yako na masikio ni yako.

Hedifoni hizi hazina koili wala sumaku. Ndani yake mna utando wa plastiki wa mikroni 1 au 2 hivi, uliopakwa kitu cha kushika chaji, ukawambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Amplifaya huuweka utando huo kwenye volti 580 muda wote, kisha muziki wenyewe huenda kwenye mabamba kwa volti nyingi vilevile: bamba moja likivuta, la pili linasukuma. Kwa hiyo amplifaya hapa si kiungo cha pembeni. Ni nusu ya hedifoni. Anayenunua 009S akaichomeka kwenye 252S amenunua nusu moja nzuri sana.

Rafiki yako anaweza kukutolea hesabu, nayo ni hesabu ya kweli. L700 na 009S hutoa desibeli 101 zikipewa volti 100. Kila ukizidisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6, kwa hiyo volti 200 zinakupa 107, na volti 400 zinakupa 113. Amplifaya yako inafika volti 280. Kwa ukubwa wa sauti inatosha na kubaki, hasa kwa mtu anayesikiliza usiku. Kasoro iko kwingine. Mbele ya amplifaya, hedifoni ya umemetuli ni kapasita, yaani kitu cha kuhifadhi chaji, na kapasita hudai mkondo zaidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Kwenye hezi 10,000 ukinzani wake ni kiloomu 145 hivi. Kwenye hezi 20,000 umeshuka hadi nusu ya hapo. Sasa fikiria kwaya imefika pale wote wanapoingia kwa pamoja: kila "s" na kila toazi linadai mkondo papo hapo, huku sauti za besi zinadai volti. Amplifaya ndogo ikilemewa haikati sauti, wala haikwaruzi. Sauti inakakamaa tu. Waimbaji wanasongamana, na yule wa alto uliyekuwa unamfuata tangu ubeti wa kwanza humpati tena. Watu wengi wakisikia hivyo huilaumu hedifoni, wakaiuza, wakanunua ya gharama zaidi, na ugonjwa ukahamia nayo.

SR-007, iliyoanza kutoka 1998, naipenda kwa moyo wote. Sauti yake ni nene, tulivu, ina kivuli kidogo kule juu, na piano ndani yake ina uzito wa mbao na chuma. Lakini ndiyo ngumu kusukuma kati ya hizo tatu. Ukiipa 252S itasinzia, utajiuliza wanaoisifu wamesikia nini. Hiyo iwekee akiba siku utakapokuwa na amplifaya kubwa, usiitangulize.

SR-009S ni ya 2018, mrithi wa SR-009 ya 2011. Haina cha kuficha: pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, ukucha kwenye uzi wa gitaa, pedali ya piano inapoachiwa. Vilevile haifichi rekodi iliyopikwa vibaya, na wewe hukuniambia rekodi zako zina hali gani. Kama nyingi ni za zamani au zimekandamizwa, utajikuta unachagua muziki wa kuipendeza hedifoni. Hilo mimi nalichukia.

L700 imerithi mtindo wa mabamba wa SR-009, yale ya tabaka nyingi zilizounganishwa, ila yamo kwenye umbo la mstatili ambalo umeshalizoea kwa L300 yako. Sauti za kati ziko mbele, na humo ndimo anamoishi mwimbaji. Kwenye besi ya kupiga kifua haitakutikisa. Hakuna kati ya hizo tatu itakayofanya hivyo kama hedifoni nzuri za koili zinavyofanya, na anayekuahidi hilo hakutakii mema. Kwa waimbaji na piano, L700 ikiwa na amplifaya iliyoshiba iko karibu sana na 009S, na inaishinda 009S yenye njaa. Tena Mk2 ina waya unaochomoka, kwa hiyo waya ukikatika hupeleki hedifoni nzima kwa fundi. Amplifaya itafute SRM-400S ya transista au SRM-500T ya valvu. Kwa muziki wako mimi ningechukua ya transista: kwaya inataka mkono ulio imara.

Kuhusu miwani, hapa usikubali maneno ya mtu, hata yangu. Nenda ujaribu ukiwa umeivaa. Weka wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ya chini kabisa ikijaa ghafla, ujue mito haikuziba: mkono wa miwani umeuinua mto nyuma ya sikio na hewa inapenya. Vua miwani, rudia. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta fremu yenye mikono myembamba kabla hujagusa akiba ya hedifoni. Ukibonyeza ukasikia mchakacho, usishtuke. Ni utando umesukumwa na hewa, acha tu kubonyeza kwa nguvu. Ukizilinganisha hedifoni, sawazisha sauti kila unapobadilisha, kwa sababu iliyo juu kidogo huonekana bora hata kama si bora.

Jambo la mwisho: zote tatu ziko wazi mgongoni. Kama chumbani mna mtu amelala, atausikia wimbo wako karibu kama wewe.

Swali: Fundi, habari za kazi. Hedifoni yangu ya umemetuli upande wa kushoto umefifia. Haujafa, umefifia tu. Niipeleke ikabadilishwe utando? *Mwenye Wasiwasi*

Jibu: Bado, ndugu yangu. Kwanza igeuze kichwani, kikombe cha kulia kiwe sikio la kushoto. Ufifiaji ukibaki sikio lilelile la kushoto, tatizo liko kwenye sikio lako. Mwone daktari, huenda ni nta tu. Ukihamia kulia, hedifoni irudishe sawa, kisha badilishana nyaya mbili zinazoingia nyuma ya amplifaya, ya kushoto iende kulia. Ufifiaji ukihama, shida inatoka kule muziki unakotoka. Usipohama, imebaki hedifoni au amplifaya.

Mara nyingi mkosaji ni unyevunyevu. Chaji ya utando huvuja, upande mmoja unalegea kabla ya mwingine. Iache imechomekwa na amplifaya imewashwa kwa saa kadhaa bila kucheza kitu, kisha sikiliza tena. Ikirudi, anza kuihifadhi mahali pakavu, kwenye boksi lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na uifunike isiingie vumbi; chembe ikiingia kati ya utando na bamba huleta kelele ambazo hazitoki kwa kupuliza. Isiporudi, hapo sasa tafuta fundi. Usiifungue mwenyewe. Utando huo kidole hakipaswi kuugusa kabisa.

Swali: Shikamoo. Nimeachiwa na mjomba Stax SR-Lambda ya zamani, plagi yake ina pini sita. Nimeambiwa amplifaya za sasa zina matundu matano. Je, nikate plagi niweke ya pini tano? *Mrithi*

Jibu: Marahaba. Usikate, tafadhali sana! Lambda hiyo ya kwanza, iliyotoka 1979, ilitengenezwa kwa volti 230 kwenye utando, si 580. Ile pini ya sita ndiyo inayokuzuia kuichomeka pasipofaa. Ukiilazimisha kwenye 580, utando unaweza kuvutwa ukagandamana na bamba, au cheche zikautoboa, na urithi umeishia hapo.

Tafuta amplifaya ya zamani yenye soketi ya matundu sita, au boksi la transfoma kama SRD-7, linalounganishwa kwenye nyaya za spika za amplifaya ya kawaida. Lakini maboksi hayo yametoka kwa matoleo zaidi ya moja na volti zake hazifanani. Kabla hujalipa, geuza boksi, soma kilichoandikwa nyuma na kando ya soketi, kisha niandikie maneno hayo kama yalivyo. Nitakujibu kama linafaa.