Nimetoboa mfenesi kumetoka ulimbo, asali iko wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Wifi yangu anakaa Kanada, safari hii kaja Wete na chupa ya asali ya mepo, anasema haina nyuki ndani yake, wanatoboa mti maji yanatoka wanachemsha basi. Tumeilia chapati za maji siku tatu ikesha. Sasa mie nna mfenesi nyuma ya nyumba, nikachukua drili ya mume wangu nikautoboa, umetoka ulimbo mtupu na drili imenata mpaka leo, mwenyewe hajajua. Nimekosea wapi?
Mama watoto, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam. Tuanze na drili, ipake mafuta ya nazi uiache kidogo halafu futa na kitambaa, ulimbo wa fenesi maji hauyaogopi ila mafuta unayaogopa, na fanya leo leo kabla hajaiulizia.

Haya, mti. Ya mepo si utomvu mweupe ule, ni maji maangavu kama ya kisima, sukari yake asilimia 2 hivi, ukionja utasema umechezewa. Na hayatoki ovyo ovyo. Kule baridi ikiwa inaondoka, Februari mpaka Aprili, usiku mti unaganda barafu na unavuta maji kutoka mizizini, mchana jua likitoka unayeyuka na maji yanajisukuma nje, ukiwa umeshapiga tundu la sentimita 5 hivi na kijimrija basi yanachuruzika ndooni. Sasa kwetu hata kipupwe kikaze vipi barafu utaiona kwenye friji tu. Na chupa aliyokuleteeni wifi usiione ndogo, lita 1 ya asali ile imekula kama lita 40 za maji, piga hesabu ya kuni mwenyewe.

Mie ningekuwa wewe ningemwachia mfenesi uzae mafenesi nikamtafuta mgema. Yeye hatoboi shina, anapanda mnazi mpaka juu kwenye karara la maua ambalo halijapasuka, analifunga, anakata ncha, anatundika kibuyu, na kila siku anarudi kulikata kidogo. Tembo tamu lina sukari nyingi mara kadhaa kuliko maji ya mepo kwa hivyo kuni zako hazitoteketea bure. Ila mwambie unataka la alfajiri na kibuyu kioshwe kweli kweli, mashapo ya jana ndiyo yanayochachua, wengine hutia chokaa kidogo ndani kuzuia. Na usimsifu sana, unajua mwenyewe mgema akisifiwa anafanya nini.

Likifika tu bandika jikoni, usiseme ntafua kwanza, maana ikifika mchana limeshachacha ni ulevi huo na jirani zako watakuwa na la kusema. Sufuria pana, moto wa wastani, toa povu, koroga. Likianza kuvuta uzi kwenye mwiko epua hapo hapo, ukizidisha litakuwa gumu utaitaka tena ile drili.