Mwalimu wa fizikia wa NECTA anataka shule ya kimataifa nje, aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya elimu ya sayansi, nafundisha fizikia na hesabu kidato cha tatu mpaka cha sita kwenye sekondari ya binafsi hapa Mwanza, huu mwaka wa sita. Nataka nikafundishe shule ya kimataifa nje, Dubai au Qatar, hata China sawa. Sivii nimetuma sehemu nyingi sana na hakuna anayejibu. Sasa kuna ejenti kaniambia nilipe milioni moja na laki nane atanipatia shule Dubai ndani ya miezi miwili, ila niende kwanza na visa ya matembezi. Nilipe? Au nianze na PGCE ya onlaini? Nina mke na watoto wawili.

JIBU: Marahaba mwalimu. Naanza na hiyo hela manake ndiyo inayoweza kukuumiza wiki hii hii. Usilipe. Sheria ya kazi ya Emirates, nchi yenye Dubai, namba 33 ya mwaka 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumuajiri, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mlango wa nyuma. Shule inayokutaka kweli inamlipa ejenti yenyewe, inakuombea kibali cha kazi yenyewe, na unapanda ndege ukijua unaenda kufundisha wapi. Na hiyo ya visa ya matembezi ndiyo mbaya zaidi, kufanya kazi kule kwa visa ya utalii ni kosa, kwa hiyo unafika, hela imeisha, huna mkataba, na mtu aliyekupeleka hapokei simu. Kama unataka kujua huyo jamaa ni nani, ejenti wa ajira hapa Tanzania lazima awe na leseni, kaulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Wasomaji wa Kenya nyie ulizeni NEA, mamlaka yenu ya ajira. Mwenye leseni hakasiriki ukimuomba akuonyeshe.

Haya, sasa tuje kwenye sivii yako kutojibiwa. Mimi nimekaa kwenye kamati za kuajiri za shule inayofuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza miaka kadhaa, nimesoma sivii nyingi za walimu wetu, na tatizo huwa ni lile lile. Mkuu wa idara ya sayansi pale Doha ana nafasi moja ya fizikia na watu kibao wameomba, anachotafuta ni mtu atakayeingia darasa la Year 10 Jumatatu na silabasi ya 0625 mkononi, yaani fizikia ya IGCSE, mtihani wa Cambridge wa ngazi kama ya kidato cha nne, bila kushikwa mkono. Sivii yako inasema "nafundisha fizikia kidato cha 3-6, NECTA". Yeye NECTA, baraza letu la mitihani, haijui. Hajakudharau, ila hana namna ya kupima unachokijua, anapita anaenda kwa mwingine.

Ndo maana nakwambia njia fupi ya kwenda nje inapitia hapa hapa nyumbani. Tafuta shule ya Cambridge au ya IB, mtaala mwingine wa kimataifa, hapa Tanzania kwanza, ufundishe miaka miwili. Hapo hapo Mwanza kuna Isamilo, Arusha na Dar kuna Braeburn, Moshi na Arusha kuna UWC East Africa na Dar kuna IST (International School of Tanganyika), hizi mbili za mwisho ni za IB. Najua utasema nafasi zao ni chache na mshahara wa mwalimu mwenyeji haulingani na wa mgeni, ni kweli yote mawili, lakini matangazo mengi ya nje utakuta yameandika miaka miwili ya uzoefu wa mtaala husika, na huo uzoefu hakuna cheti cha onlaini kinachoweza kuuziba. Ukikosa nafasi ya kudumu omba hata kushika darasa la mtu aliyeko likizo ya uzazi, au kufundisha masomo ya jioni watoto wanaojiandaa na IGCSE, halafu uandike kwenye sivii silabasi gani, pepa gani, wanafunzi wangapi, wamepata nini.

Wakati unasubiri, jisomee. Silabasi ya fizikia IGCSE ni 0625, hesabu 0580, A Level fizikia 9702, hesabu 9709, zote zipo kwenye tovuti ya Cambridge bure pamoja na baadhi ya mitihani iliyopita na miongozo ya kusahihishia. Chukua Paper 4 ya 0625, ile ya nadharia, ifanye mwenyewe kwa muda wake, halafu isahihishe kwa mwongozo wao. Utaona alama zina herufi, B, M, C, A. Alama ya C kwa mfano, mtoto asipoandika fomula lakini kazi yake ya mbele ikaonyesha lazima alikuwa anaijua, anapewa. Alama ya M ni ya njia, akiikosa hiyo na ile A, ya usahihi wa jibu, inayoitegemea nayo inaondoka. Mwalimu aliyezoea kusahihisha kwetu anahitaji kukaa na hiki kitu mpaka kimuingie, manake kwenye intavyuu wanaweza kukupa jibu la mwanafunzi wakakwambia lisahihishe hapo hapo ukiwa unaongea.

Halafu kuna kitu unacho na hujakiandika. Watoto wako wanafanya praktiko halisi ya NECTA, penduli, pini na kioo, mita briji, wanachora grafu na kutafuta mteremko. Kwa Cambridge shule inachagua Paper 5, ambayo ni praktiko yenyewe, au Paper 6, ambayo ni maswali ya praktiko kwenye karatasi. Mwalimu anayeweza kuandaa vifaa vya Paper 5 mwenyewe hata bila fundi wa maabara ni mtu wa thamani. Kwa hiyo badala ya "nafundisha fizikia kidato cha 3 na 4", andika kwamba unaandaa na kusimamia praktiko za mwaka mzima kwa wanafunzi idadi fulani, taja majaribio mawili matatu, na utaje matokeo ya darasa lako. Sivii iwe kurasa mbili, barua iwe ya shule hiyo moja unayoiomba, usitume barua moja kwa shule ishirini, wanajua.

Muda nao unawaangusha wengi wetu. Sisi mwaka unaanza Januari, wao wengi wanaanza Agosti au Septemba. Shule zinawauliza walimu wao kati ya Oktoba na Desemba nani anabaki nani anaondoka, matangazo yanamiminika kuanzia Novemba mpaka Machi, halafu Aprili mpaka Juni kunakuwa na yale ya dharura, mtu kaahirisha au kafiwa au kapata kwingine. Ukianza kuomba Julai umechelewa mwaka mzima. Pa kutafutia ni Tes na Teacher Horizons, hizo mwalimu halipi kitu kutafuta kazi, Search Associates ukishakuwa na uzoefu, na tovuti za shule zenyewe moja moja, hii ya mwisho watu wanaidharau wakati shule nyingi zinaweka nafasi kwenye tovuti yao kabla ya kwingine.

Kuhusu wadhamini wako kaa makini sana. Shule hizi hazitaki barua ya "kwa yeyote anayehusika" uliyoibeba kwenye bahasha. Wanamtumia mkuu wako wa sasa fomu ya siri, na ndani yake kuna maswali ya usalama wa watoto, kama umewahi kulalamikiwa, kama angekuajiri tena. Mkuu akijibu kwa imeili ya Gmail au Yahoo wanaanza kutia shaka, wanataka imeili yenye jina la shule, na wakati mwingine wanampigia simu ofisini. Kwa hiyo kabla hujaomba popote nenda kamuone mkuu wako, mwambie ukweli kwamba unatafuta nje, mwombe shule imfungulie imeili rasmi kama haina, mweleze fomu itakuja ya namna gani na asikae nayo mwezi. Najua inatisha kumwambia bosi unaondoka. Lakini mkuu anayeshtukizwa na fomu toka Dubai usiku wa manane anaweza kuiacha tu, na wewe ukakaa unajiuliza kwa nini wamenyamaza baada ya intavyuu nzuri. Pia wataulizia kila pengo kwenye historia yako ya kazi, hata miezi mitatu uliyokaa nyumbani baada ya chuo, andika tu ulikuwa unafanya nini.

Intavyuu ni kwa video ya Zoom au kitu kama hicho, na swali la usalama wa watoto halikosi kabisa: mwanafunzi amekufuata baada ya kipindi anataka kukwambia siri ya nyumbani, unafanyaje? Jibu la "namuahidi sitamwambia mtu" linakutoa hapo hapo. Unamsikiliza, hauahidi siri, haumhoji kama polisi, unaandika alichosema kwa maneno yake na unapeleka siku hiyo hiyo kwa mhusika wa ulinzi wa watoto wa shule. Na kuhusu viboko, ondoa kabisa kwenye lugha yako. Ukiulizwa nidhamu, eleza unavyolituliza darasa, usiseme kwetu tunachapa.

PGCE sasa, cheti cha ualimu cha Uingereza cha baada ya shahada. Wewe una shahada ya elimu, umefanya mazoezi ya kufundisha, tayari ni mwalimu mwenye sifa. PGCE ya kimataifa ya onlaini, mfano ile ya Nottingham au ya masafa ya Sunderland, ni masomo mazuri lakini haikupi QTS, ile hadhi ya ualimu ya Uingereza ambayo shule nyingi za mtaala wa Kiingereza zinaipenda. Uingereza ilifungua mlango wa QTS Februari 2023 kwa walimu wa nchi tisa za ziada, zikiwemo Nigeria, Ghana, Zimbabwe na Afrika Kusini, Tanzania na Kenya hatukuwemo. Njia iliyopo kwetu ni iQTS, inatolewa na vyuo vya Uingereza vilivyoidhinishwa na unaisoma ukiwa nje, lakini inabidi uwe shuleni unafundisha huku unasimamiwa, na ni hela nyingi. Mimi ningekuwa wewe nisingetoa hata senti huko kabla sijapata hiyo miaka miwili ya Cambridge, na nikiipata ningeiomba shule ichangie.

China: mwalimu wa lugha wanataka afundishe lugha yake ya mama, ndo maana Mtanzania akiomba kufundisha Kiingereza anakwama, ila wewe ni wa fizikia, huko hilo sharti halikushiki. Unaingia na visa ya Z, ile ya kazi, usikubali nyingine. Thailand nayo usiisahau, pale shahada ya elimu kama yako ina uzito kwenye leseni ya Khurusapha, baraza lao la walimu, kuliko shahada tupu ya fizikia.

Karatasi anza sasa hivi. Kitu cha kwanza angalia majina. Walimu wetu wengi cheti cha NECTA kina majina mawili, shahada matatu, pasipoti herufi moja imebadilika, na ukifika ubalozini wanakurudisha. Sawazisha kwa hati ya kiapo au deed poll mapema. Halafu cheti cha polisi cha alama za vidole, halafu shahada na transikripti zithibitishwe, kwa kawaida zinapita chuo, wizara ya elimu, mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayoenda. Hii ya polisi usiichukue mapema sana manake inachakaa, shule nyingi zinataka ya miezi michache iliyopita.

Mwisho mkataba, na hapa ndo nakujibu kuhusu familia. Usiangalie jumla ya mshahara, angalia msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani. Emirates kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, baada ya hapo siku 30. Msingi ukiwa dirham 5,000 hiyo ni kama 3,500 kwa mwaka, hata kama jumla yako na posho ni 10,000. Uliza nyumba ni ya familia au ya mtu mmoja, tiketi ni yako peke yako au ya wote wanne, bima inamgusa mke, na watoto wanapunguziwa ada asilimia ngapi kwenye shule hiyo hiyo, manake ada za Dubai ukijilipia mwenyewe kwa watoto wawili mshahara unaisha wote. Kumleta mke na watoto kwa visa yako, kiwango kilichowekwa 2019 ni mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 kama mwajiri anakupa nyumba. Waandikie haya kwa imeili wakujibu kwa imeili, usikubali ya simu, na barua ya kuacha kazi hapo Mwanza usiipeleke mpaka mkataba uwe umesainiwa pande zote na kibali cha kuingilia kimetoka na jina la shule yako.