Mkasi kabla ya pampu

Jani la kwanza nililoligeuza lilikuwa na doa la manjano lenye kung'aa, kana kwamba limerukiwa na mafuta ya mahamri. Nikaamini ni mafuta kweli, maana jiko letu la nje liko hatua chache tu kutoka kwenye kichanja cha mizabibu. Kesho yake madoa yakawa kumi. Siku ya nne sikuhesabu tena. Chini ya kila doa palikuwa na utando mweupe kama pamba iliyochambuliwa, na vishada vya maua, ambavyo zabibu zake nilikuwa nimeshawaahidi majirani, vilijikunja kama ndoana, vikawa kahawia, vikapukutika.

Ilikuwa Aprili, masika yanaingia Malindi, na balaa lenyewe nilijitakia.

Nina mizabibu 14 nyuma ya nyumba, upande wa Muyeye. Si shamba la kumwalika mtu aje kupiga picha. Ni nguzo za mazio na pau za mikoko zilizotoka kwenye banda lililobomolewa, waya umepita juu, na mizabibu imetambaa. Lakini kila nikiandika habari zake naulizwa swali lile lile: unapuliza dawa gani? Leo nitalijibu, ila kwa kuanzia mbali kidogo, kwa sababu dawa ndiyo niliyoanza nayo mimi na ndiyo iliyonichelewesha miaka miwili.

Malindi humkosi Mwitaliano. Jirani yangu mmoja, mzee aliyezeekea hapa na Kiswahili chake cha kusukumana, ndiye aliyenifundisha kufunga matawi kwenye waya. Nilimpelekea jani lile. Hakuvaa hata miwani. "Peronospora," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtaja mwizi wa mtaani. Ni ukungu ambao wataalamu wa kilimo Tanzania huuita ubwiri vinyoya. Kwao huko wana kanuni wanayoiita ya kumi tatu: chipukizi likifika sentimita 10, mvua ikinyesha milimita 10, na joto likiwa nyuzi 10 au zaidi, ukungu huo uko njiani. Nilicheka. Malindi hatuijui baridi ya nyuzi 10, kwa hiyo kumi moja tunayo mwaka mzima. Zimebaki mbili za kuchunga.

Mzee aliujua ugonjwa barabara, ila ni yeye huyo huyo aliyenishauri nipogoe mwisho wa Februari, kama wapogoavyo kwao kabla majira ya baridi hayajaisha. Na mimi, kwa kuwa video zote nilizotazama zilisema vivyo hivyo, nikatii. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wetu haulali. Huku pwani mzabibu unaamshwa na mkasi: ukiupogoa leo, baada ya wiki mbili hivi macho yanafunguka, baada ya wiki tano au sita unatoa maua, na siku ya 110 hadi 130 unavuna, kutegemea aina. Sasa pogoa mwisho wa Februari uhesabu mwenyewe. Majani machanga na maua yote yanakutana na mvua za Aprili na Mei, miezi ambayo jani halikauki tangu alfajiri hadi alasiri. Ni kama kumtoa mtoto mchanga nje kwenye mvua halafu uanze kutafuta dawa ya kikohozi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka soma huu peke yake: fuata pepo, usifuate kalenda ya watu wa baridi. Mimi sasa napogoa kati ya tarehe 15 na 25 Novemba, vuli inapopungua. Maua yanafunguka kaskazi ikiwa imeshika, zabibu zinanenepa Januari na Februari, miezi yetu mikavu kuliko yote, na kufikia wiki ya tatu au ya nne ya Machi nimeshavuna kabla masika hayajabisha hodi. Wakulima wa Nashik, India, ambao nao wana mvua zao za kusi, hupogoa mara mbili na kuvuna mara moja. Nimewaiga. Katikati ya Juni, mvua kubwa zikishapita, napogoa tena, lakini safari hii nakata kila kishada cha maua kinachojitokeza. Nataka mti ujenge matawi ya kuzaa Novemba, basi. Mke wangu anaona ni ukatili. Mwaka nilioacha vile vishada kwa tamaa, viliiva Oktoba, vuli ikavikuta, vikaoza mkononi.

Nikipogoa natoa majani yote, hata mabichi. Huku ambako mti haupukutiki wenyewe, jani la zamani ndilo linalobeba ukungu wa msimu uliopita na kuushusha juu ya chipukizi jipya. Yale yaliyokwisha kuanguka nayafagia na kuyafukia mbali, siyatupi kwenye shimo la mboji. Mkasi naupangusa kwa spiriti kabla ya kwenda mti wa pili.

Jambo la pili ni hewa. Kichanja changu cha kwanza kilikuwa chini ya mita moja na nusu, kimebanana na ukuta, majani yamelaliana kama nguo kwenye kapu. Nimekipandisha hadi mita mbili na ushee, na mistari nimeielekeza ili kaskazi ipite katikati yake badala ya kugonga ubavuni. Vichipukizi vinavyosongamana navitoa vikiwa bado laini, kwa vidole. Majani yanayofunika vichala navua upande wa jua la asubuhi tu, maana jua la saa nane mchana la Malindi linaikaanga zabibu ikiwa uchi. Maji namwaga shinani, asubuhi. Ukinyunyizia majani jioni umetengeneza mvua yako mwenyewe.

Ami yangu aliyeko Lamu ana mzabibu mmoja kwenye ua wa ndani wa nyumba yao ya zamani, kuta za matumbawe pande zote nne. Mvua haimsumbui, upepo hauingii, jua linaingia kwa saa chache. Akawa ananipigia simu: "Mwanangu, huu wangu umepakwa unga." Nikamtumia maelekezo ya ubwiri vinyoya, naye akapuliza, asipate kitu. Kosa lilikuwa langu. Wake ulikuwa ubwiri unga, ukungu mwingine kabisa, ambao hauhitaji maji juu ya jani. Kivuli na hewa iliyotuama vinautosha. Huo wa unga unaupangusa kwa kidole ukatoka, unakaa hata upande wa juu wa jani, na zabibu zikiushika zikiwa changa hupasuka zinapokua. Ule wa vinyoya uko chini ya jani, nyuma ya doa la mafuta. Ukishindwa kutofautisha, fanya hivi: chuma jani lenye doa, litie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambaa chenye maji, lifunge, liache gizani usiku kucha. Asubuhi ukikuta pamba nyeupe imeota chini ya doa, hiyo ndiyo peronospora ya mzee wangu.

Kwa ubwiri unga dawa ya kale ni salfa, nayo inafanya kazi. Lakini salfa na joto havipatani. Februari moja niliipuliza saa saba mchana, kwa kuwa ndio muda niliopata, na siku ya pili majani yalikuwa kama karatasi iliyopitishwa motoni. Joto likipita nyuzi 32 usiiguse pampu ya salfa. Subiri magharibi, au tumia maziwa: sehemu moja ya maziwa, sehemu tisa za maji, asubuhi kwenye jua, kila wiki. Ami amefanya hivyo baada ya kupunguza matawi yaliyokuwa yakigusa ukuta, na unga umepungua sana. Analalamika tu kwamba paka wote wa Lamu sasa wanalala chini ya mzabibu wake. Na samadi ya punda nimemwambia apunguze. Lamu samadi hiyo haina bei, alikuwa akiimwaga debe kwa debe. Mti ukishiba kupita kiasi unatoa majani mengi, laini, na hayo ndiyo ukungu unayoyapenda.

Sasa mrututu, yaani salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu. Kisa chake kinanifurahisha. Ukungu wa vinyoya uliingia Ufaransa ukitokea Marekani, ukaonekana huko mwaka 1878, pamoja na miche iliyoletwa kuiokoa mizabibu na mdudu aitwaye filoksera. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Millardet alipita Médoc akaona mizabibu ya kando ya njia ina majani yake, ya ndani imekwisha pukutika. Kumbe wenye mashamba walipaka ile ya njiani mrututu na chokaa ili wapita njia waione ni sumu wasiibe. Kufikia 1885 alikuwa ameshaitangaza kuwa dawa, na hadi leo wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kuitumia.

Mimi nachanganya gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa kwa lita 10 za maji. Mrututu nauyeyusha kwenye ndoo ya plastiki (chuma hapana, kitaliwa), chokaa nakorogea ndoo nyingine, kisha naumimina mrututu ndani ya chokaa huku nikikoroga. Halafu natumbukiza msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi ya shaba, mchanganyiko bado mkali na utachoma majani, ongeza chokaa. Mara ya kwanza msumari wangu ulitoka mwekundu kama senti mpya. Chokaa niliyotumia ilikuwa imekaa gunia wazi mwaka mzima stoo, hewa imeiua. Tafuta mpya. Dawa hiyo tumia siku hiyo hiyo, vaa glavu na barakoa, lenga chini ya majani, na uipulize kabla ya mvua, kwa sababu inazuia tu, haiponyi jani lililokwisha kuingiwa.

Lakini usiifanye ada. Shaba haiozi, inabaki udongoni na kuwaumiza nyungunyungu, na ikifika kwenye maji inaua samaki. Ulaya wamewawekea wakulima kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Tangu nihamishie upogoaji Novemba, napuliza mara mbili au tatu kwa mwaka, na wiki tatu kabla ya kuvuna sipulizi kitu.

Liko kosa jingine lililonigharimu. Ncha za majani zilianza kukauka, kahawia, kuanzia ukingoni kwenda ndani. Duka moja la pembejeo likaniuzia dawa ya ukungu, nikapuliza wiki tatu. Hakuna aliyeniuliza namwagilia maji gani. Yalikuwa ya kisima, na hapa karibu na bahari kisima kikivutwa sana kaskazi inapokauka, maji yanaanza kukolea chumvi. Mnazi unavumilia, mzabibu hauvumilii: mazao yanaanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.5 kwa mita, kipimo cha chumvi kinachotumika maabara za udongo. Nilichopaswa kuona tangu mwanzo ni kwamba miti yote 14 iliungua namna moja, kwa wakati mmoja, na majani makuukuu ndiyo yaliyotangulia. Ukungu hauendi hivyo. Huanza mahali, ukatembea. Sasa nachanganya maji ya mfereji na ya mvua niliyoyavuna kwenye tangi, natandaza makuti na makumbi shinani ili udongo usikauke upesi, na masika yenyewe yananisaidia kuiosha chumvi.

Wadudu sitawasema sana. Ukiona chungu wanapanda shina kwa msururu, wafuate, utakuta vidung'ata vimejificha chini ya magamba ya gome, weupe, wananata. Chungu ndio wachungaji wao. Nabandua gome lililolegea, nasugua kwa brashi na maji ya sabuni yenye mafuta ya mwarobaini, na shina nalifunga utepe wenye grisi ili chungu wasipite. Watu watakwambia mwarobaini unatibu na ukungu. Huo jina lake linahesabu magonjwa arobaini. Ubwiri vinyoya, kwa uzoefu wangu, ni wa arobaini na moja.

Na vipando, tafadhali, usivifiche kwenye begi la basi kutoka Dodoma au kokote nje ya nchi. KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea Kenya, wapo kwa kazi hiyo. Hao Wafaransa waliletewa mdudu na miche, wakaleta miche mingine kumtibu mdudu, wakapata ukungu.

Machi iliyopita nilivunja vichala vya mwisho tarehe 24, mawingu yakiwa tayari yamejikusanya juu ya mto Sabaki. Vinne vilikuwa vimeliwa na popo, kwa kuwa vifuko vya magazeti niliishiwa navyo. Ami amepelekewa kapu lake kwa basi la asubuhi. Akapiga simu jioni kusema zimefika, tamu, ila mbona chache.