Shimo jeusi likikutana na nyota ya nyutroni, linaimeza au linairarua?

SWALI: Mambo vipi mhariri, nimesoma kuna watu wanawasha kompyuta kubwa wiki na wiki kuigiza shimo jeusi likigongana na nyota ya nyutroni. Hivi si linaimeza tu habari inaishia hapo? Kuna cha kupigia hesabu kweli?

JIBU: Kipo tena kingi ndugu yangu, maana mara nyingine nyota haimezwi nzima, inararuliwa kwanza, na kujua litatokea lipi ndo kazi yenyewe.

Chukua nyota ya nyutroni ya kawaida, yaani kiini kilichobanana mno cha nyota kubwa iliyolipuka, uzito kama mara 1.4 ya jua ila upana ni kilomita 24 hivi tu. Iweke izunguke shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hauchomoki, lenye uzito wa majua 6 ambalo lenyewe halijizungushi. Kuna kikomo, kwa shimo la hivyo ni kama kilomita 53 kutoka katikati, ukikivuka hakuna kuzunguka tena, ni kutumbukia. Halafu kuna kikomo cha pili, pale ambapo shimo linauvuta upande wa karibu wa nyota kuliko upande wa mbali mpaka nyota inashindwa kujishikilia. Kwa mfano wetu hicho cha pili kiko ndani zaidi, kwa hiyo nyota inazama kabla haijapasuka. Lakini punguza uzito wa shimo, au lifanye lijizungushe kwa kasi kuelekea kulekule nyota inakozunguka, kikomo cha kutumbukia kinasogea ndani na nyota inararuka ikiwa bado nje, inavutika inakuwa mkia mrefu unaolizunguka shimo, sehemu kubwa inamezwa ndani ya milisekunde chache, nyingine inabaki kama sahani ya moto, na kidogo kinarushwa mbali moja kwa moja. Hicho kidogo ndo kinanifurahisha kuliko vyote, kwa sababu kimejaa nyutroni na humo ndo zinaweza kutengenezwa elementi nzito kama dhahabu na platinamu.

Sasa kwa kalamu huwezi, milinganyo ya Einstein ya graviti hapa haikubali njia ya mkato. Watafiti wanakata anga kwenye visanduku ndani ya kompyuta, vidogo sana karibu na nyota na vikubwa huko mbali, halafu wanasogeza muda kidogo kidogo mno na kila hatua wanapiga upya hesabu ya graviti, ya maada inayotiririka, ya sumaku na ya nyutrino, vile vichembe vidogo mno vinavyopenya karibu kila kitu. Mwanafizikia Frans Pretorius ndo alifanikiwa mwaka 2005 kufikisha mashimo mawili mpaka kuungana, na 2006 Masaru Shibata na Koji Uryu wakatoa hesabu za shimo na nyota ya nyutroni. Kinachosumbua mpaka leo ni kwamba hakuna anayejua kwa uhakika maada ya ndani ya nyota ile ni ngumu kiasi gani, kwa hiyo inabidi warudie na nyota za uzito uleule ila upana tofauti, maana iliyo pana inararuka kirahisi zaidi.

SWALI: Na kwenye anga halisi imeshatokea?

JIBU: Ndio. Januari 2020 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, ya matukio mawili ndani ya siku 10, moja shimo lilikuwa na uzito wa majua kama 9 na lingine kama 6, na hakuna mwanga ulioonekana, ndo vile vile hesabu zinavyotarajia kwa mashimo ya uzito huo, nyota ikimezwa nzima hakibaki kitu nje cha kung'aa. Mei 29, 2023 ikaja nyingine tamu zaidi, kile kizito kati ya vile viwili vilivyogongana kilikuwa kati ya majua 2.5 na 4.5, yaani huenda ni shimo jepesi kabisa, lile ambalo lina nafasi nzuri ya kurarua. Ila mawimbi yale yalinaswa na mtambo mmoja tu, ule wa Louisiana huko Marekani, na mtambo mmoja haukuonyeshi yametoka upande gani wa anga, kwa hiyo wenye darubini hawakuwa na pa kuzielekeza. Inauma kwa kweli, nasubiri sana lijalo linaswe na mitambo mitatu kwa pamoja.