Ukitaka nasari ya mtaa idumu, anza na mwalimu

Nasari za mitaani Mombasa hazifungwi kwa kukosa watoto. Pita Majengo, Kisauni, Likoni au Chaani asubuhi saa moja na nusu, utawaona watoto tele, kila mmoja na mkoba wake na chupa ya maji. Nasari hufungwa mwalimu anapoondoka, na mara nyingi huondoka kwa sababu moja: miezi ya likizo halipwi. Haya tunayoandika ni ya kamati, wazazi na wazee wa mtaa wenye nasari yao, iwe ni chumba kando ya msikiti, ukumbi wa kanisa au nyumba ya kupanga.

Kwanza tujue tulikotoka, kwa sababu jambo lenyewe si geni. Kabla ya nasari kulikuwa na chuo, yaani darasa la Kurani la mtaa. Mtoto wa Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, alipelekwa chuoni angali mdogo, akakaa mkekani na wenzake, wakubwa wakiwasomesha wadogo, na mwalimu akitunzwa na mtaa mzima. Baada ya uhuru, mwaka 1963, zikaja nasari za harambee: wazazi wakajenga chumba, wakatafuta msichana aliyemaliza shule, wakamwambia afundishe. Mwaka 1984 serikali ikaanzisha kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na baadaye vituo vya wilaya, ili walimu hawa wapate mafunzo.

Mombasa yenyewe ikatoa kitu ambacho kilitoka nje ya mipaka yetu. Wazee wa Kiislamu wa pwani waliona watoto wao wanaingia shule ya msingi wakiwa nyuma ya wengine, na hawakutaka kuchagua baina ya dini na masomo. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kazi kubwa ya Bi Swafiya Said, mpango wa nasari za madrasa ukaanza hapa mwaka 1986. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na 1993 ukafika Uganda. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutenda: mtaa utoe chumba, uchague kamati, uteue wanawake wa mtaa huo huo, wao wafundishwe, kisha waendelee kutembelewa darasani mpaka wasimame wenyewe. Hilo la wanawake wa mtaa huo huo ndilo tunaloliona lina uzito kuliko yote. Mwalimu anayekaa nyumba ya tatu kutoka nasari halipi nauli ya matatu, hakwami feri, anamjua mtoto na bibi yake, na mama akiwa na neno humfuata barazani jioni wakalimaliza.

Baadaye Katiba ya 2010 ikaweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na mwaka 2019 mtaala wa umilisi (CBC) ukayaleta madarasa mawili ya awali, PP1 na PP2, nchi nzima, kwa watoto wa miaka minne na mitano. Nasari ya mtaa haikuondolewa na mambo haya. Ila sasa inatakiwa isajiliwe, mwalimu awe na cheti, na somo moja lisizidi dakika 30.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo panapovuja. Mwaka wa shule una mihula mitatu, na Aprili, Agosti, Novemba na Desemba hukatwa na likizo. Kamati nyingi hukusanya ada ya mwezi na kulipa mshahara wa mwezi, kana kwamba mwalimu hali chakula Desemba. Pigeni hesabu ya mwaka badala ya mwezi. Tuseme mmemwahidi mwalimu shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 180,000. Siku za likizo zikijumlishwa, ada mnaipata kama miezi 9 tu, kwa hiyo kila mwezi wa masomo lazima zitengwe 20,000 kwa ajili yake: 15,000 anapokea, 5,000 zinawekwa. Kwa walimu wawili ni 40,000 kila mwezi. Sasa tazama: watoto 40 wakilipa 1,000 kila mmoja, bila hata mmoja kukosa, ada yote imekwisha kwenye mishahara. Hakuna kodi ya chumba, hakuna maji, hakuna chaki. Na hawatalipa wote. Mtaani kwetu, ambako mzazi mmoja ni kibarua wa bandarini na mwingine anauza mahamri, kamati yenye busara hupanga kama kwamba saba katika kila kumi ndio watakaolipa kwa wakati.

Pengo hilo halizibwi kwa kumpunguzia mwalimu. Huzibwa kwa kitu kinachoingiza pesa hata watoto wakiwa likizo. Msikiti wenye duka la wakfu unaweza kutenga sehemu ya kodi yake. Ukumbi unaweza kukodishwa jioni na Jumapili. Wazazi wenye uwezo wanaweza kubeba mtoto mmoja zaidi, kimya kimya, jina lake likijulikana na mweka hazina peke yake. Kuna pia mtego wa aibu ya deni: mzazi aliyekosa ada miezi miwili humzuia mtoto nyumbani kwa kuona haya, halafu mnampoteza mtoto na ada. Mpeni mzazi wa vibarua nafasi ya kulipa kwa wiki, 250 kila Ijumaa. Fedha ndogo ya mara kwa mara huingia kuliko kubwa ya mwisho wa mwezi.

Ada isipokewe kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu vipi. Akifiwa, akiugua au akibadilisha laini, hesabu zinapotea pamoja naye, na mtaa huanza kumshuku asiye na kosa. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu ambao wawili lazima wawepo, na namba ya kulipia iwe ya kikundi. Kila mwisho wa muhula bandikeni mlangoni karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Karatasi hiyo huleta wachangiaji kuliko hotuba.

Kuhusu chumba, Mombasa ina jambo lake. Mwenye nyumba si lazima awe mwenye kiwanja. Nyumba nyingi za Kiswahili za Majengo na kwingineko, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Kamati inaweza kulipa kodi yake bila kukosa, kisha ikaondolewa kwa sababu mwenye nyumba hakuelewana na mwenye ardhi. Kabla ya kupaka rangi ukutani, omba kuona risiti za kodi ya kiwanja za karibuni. Mkataba uandikwe kwa jina la kikundi, si la mwalimu wala la mwenyekiti, na uwe na kifungu kwamba hamtatolewa katikati ya muhula.

Ukumbi wa nyumba kama hiyo ni darasa zuri kwa joto la Januari hadi Machi, kwani mlango wa mbele na wa uani vikifunguliwa upepo hupita moja kwa moja. Hatari yake iko huko huko uani: ndiko kuliko na jiko la makaa, kisima na kamba za nguo. Wekeni kizuizi cha mbao kinachomfika mtoto kifuani, chenye komeo upande wa nje. Pazia la leso halitoshi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kisizidi watoto wanane. Wakizidi hapo wanagombana, na mwalimu anageuka askari.

Maji ni gharama ambayo kamati mpya husahau. Kwa asubuhi moja watoto 30 humaliza kama mitungi sita ya lita 20: mmoja wa kunywa na uji, miwili ya kunawa, mitatu ya choo. Maji ya chumvi ya kisima yanafaa chooni tu. Ya kunywa, hata yakitoka mferejini au kwa muuza maji wa mkokoteni, yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, yakae nusu saa, na yatokee kwenye ndoo yenye bomba ili mkono usiingie ndani. Kipindupindu si hadithi ya mbali katika mji huu.

Na uji. Kwa watoto 30, kila mmoja kikombe cha robo lita, mnahitaji lita saba na nusu za maji, robo tatu kilo ya unga wa wimbi na sukari isiyozidi gramu 300. Unga ukorogwe kwanza na lita mbili za maji baridi mpaka usiwe na donge, kisha umiminwe polepole ndani ya maji yaliyobaki yanayochemka huku mwiko haukomi. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji moto, madonge hayatoki tena, na mtoto akikutana na donge bichi siku moja atakataa uji wiki nzima. Uchemke dakika 15 baada ya kuanza kutokota, upakuliwe nusu saa kabla ya kunywewa. Nunueni unga wa wiki moja tu. Hewa yetu ya bahari hutia unyevu, unga huota ukungu, na sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haiuawi na moto. Ule unga uliochanganywa na karanga tunaushauri uachwe: karanga hushika sumukuvu haraka, na wapo watoto wanaovimba midomo kwa punje moja. Mwezi wa Ramadhani mfupisheni saa za walimu, lakini uji upikwe kama kawaida. Mtoto wa miaka minne hajafaradhishiwa kufunga, na yule wa jirani asiye Mwislamu ana njaa ile ile.

Darasani, malalamiko ya wazazi ni mamoja tangu zamani: "Mwanangu anacheza tu, haandiki." Mwalimu asibishane. Amwite mzazi akae mkekani nusu saa atazame. Kwa mfano, mtoto anapanga kauri tano za baharini mbele yake, anazihesabu. Mwalimu anafunika mbili kwa kifuu cha nazi, anauliza: ngapi zimejificha? Mtoto anatazama zile tatu, anakunja vidole, anajibu. Huyo ametoa tano kasoro tatu bila kuona kalamu. Vifuu, kauri, makumbi, vipande vya leso vya kupanga kwa rangi, mchanga wa kuchorea kwa kidole: vyote hivi havinunuliwi. Vizibo vya chupa wapeni wa miaka mitano. Wa miaka mitatu huvitia kinywani. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia wadogo hawa, hata kama mzazi anatamani Kiingereza. Mtoto wa Kidigo, wa Kigiriama na wa Kibajuni hukutana kwenye Kiswahili, na anayejua kueleza jambo kwa lugha moja hujifunza ya pili kwa wepesi.

Jambo moja tunalisema bila kuzunguka: mahafali yamegeuka mzigo. Joho la kukodi, kofia, picha, keki, spika. Kuna wazazi wanaomwondoa mtoto muhula wa tatu kwa kuogopa gharama ya siku moja. Watoto wavae kanzu, buibui au nguo ya Idi iliyomo nyumbani, waimbe kasida na nyimbo zao, kila mama alete sinia ya kitu alichopika. Pesa ambayo ingekodi majoho iingie kwenye mshahara wa Desemba.

Mwisho ni daftari, na hapa wengi hupuuza. Nasari isiyo na kumbukumbu hushindwa kuthibitisha ilianza lini, chumba kilitolewa na nani na kwa masharti gani, na mzozo ukizuka kila mtu huja na kauli yake. Wafuateni walimu wa mwanzo na wazee wangali hai. Usimuulize bibi "mwaka gani?" maana atakisia ili asikuvunje moyo. Muulize kwa matukio: nasari ilikuwepo kabla ya daraja jipya la Nyali, mwaka 1980? Watoto walikuwa chumba gani feri ya Mtongwe ilipozama, Aprili 1994? Mlifunga wakati wa ghasia za Likoni, Agosti 1997, au mvua za El Niño zilizofuata? Akijibu matatu kati ya hayo, mwaka wa kuanzishwa unakuwa umeshabanwa pande mbili. Hakikisheni kwa mzee mwingine ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo ya kwanza. Barua ya kutoa chumba, risiti ya kwanza ya mabati, picha iliyoandikwa tarehe nyuma, hizo zina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu.

Karatasi za Mombasa zina maadui watatu: unyevu, mchwa na kutu ya pini. Ng'oeni pini zote, shoneni kwa uzi. Tieni madaftari kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, iwekwe juu ya rafu, isiguse ukuta wa udongo. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na picha zihifadhiwe kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kisha kila Januari mtu mmoja apewe kazi ya kuandika ukurasa wa mwaka uliopita: walimu walikuwa nani na walilipwa kiasi gani, watoto wangapi waliingia na wangapi walitoka, ada ilikuwa ngapi, nani alichangia nini. Mwalimu ausome kwanza, atie sahihi, ndipo kamati iutie yake.