Wapeleke wanafunzi wa Historia kambini

Wiki hii nimepata ujumbe wa mwalimu kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa. Ameona picha za wanafunzi wangu wakisoma ripoti yao mbele ya mkutano wa kijiji, akaniuliza: "Mwalimu, mradi kama huu unauanzaje, na silabasi unaimaliza saa ngapi?" Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mna kiu hiyohiyo. Mnataka mtoto amalize kidato cha nne akijua kufikiri, siyo akiwa na daftari lililojaa tu.

Mimi nafundisha mkoani Tanga, shule ambayo mkonge unaanzia nyuma ya uwanja wa mpira. Tukifika mada ya uchumi wa kikoloni, mtoto anakariri: njia za kupata vibarua zilikuwa kodi, kunyang'anywa ardhi na kazi za shuruti. Anaandika kwa Kiingereza, anapata alama zake, yamekwisha. Na darasani humohumo kuna mwenye jina la Kirundi, kuna Mbena, Mha, Mmakonde na Mnyamwezi. Wote wamezaliwa hapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza babu zake walifuata nini Tanga.

Walifuata mkonge. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe, na Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao, hawakuitaka kazi ya kukata majani yenye miiba kwa ujira ule. Basi watu wakatafutwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na vibarua hao wa mkataba, walioitwa manamba, wakaletwa kwa malori na treni.

Haya yote naweza kuyasema ubaoni kwa kipindi kimoja. Sikuyasema. Niliwapa kidato cha tatu swali moja: familia za kambi ya wafanyakazi wa mkonge iliyo jirani yetu zilitoka wapi, na zilikujaje? Nikawagawa vikundi, nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji na barua ya shule, Jumamosi tukaingia kambini.

Mzee wa kwanza alikuwa mkataji. Watoto wakampa shikamoo, wakakaa mkekani, na binti mmoja akamuuliza kama alivyosoma: "Babu, mlilazimishwa na kodi?" Mzee akasema hapana. Yeye alifuata baiskeli. Kaka yake alirudi kutoka mkonge na baiskeli na bati za nyumba, naye akasema lazima aende. Watoto wakanitazama kama wanaosubiri nimkosoe mzee. Nikanyamaza. Nyumba ya tatu bibi mmoja akawaambia kwamba baba yake alikimbia kodi ya kichwa, na kwamba yeye mwenyewe alianika singa, yaani nyuzi za mkonge, miaka mingi, lakini jina lake halikuandikwa popote kwa sababu kipande kilikuwa cha mumewe.

Kipande kile walikichunguza hasa. Kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikutiwa alama, kwa hiyo "mwezi" wa manamba uliweza kupita mwezi wa kalenda. Mwanafunzi ambaye hupiga miayo kwenye vipindi vyangu vyote alikaa na mzee akijumlisha na kutoa mpaka adhana ya magharibi. Jumatatu walibishana darasani vikali: kitabu kinadanganya au wazee wamesahau? Kijana mmoja akasimama, akasema kodi ilimtoa mtu nyumbani na baiskeli ikamchagulia njia. Nimefundisha muda mrefu, na sijawahi kusahihisha insha iliyonipa furaha kama sentensi ile.

Sasa silabasi. Mradi usiwe nyongeza ya mada, uwe ndiyo mada. Notisi za uchumi wa kikoloni sikuziandika, vikundi viliziandika, mimi nikazijazia yaliyopungua: bei iliyoporomoka baada ya nailoni kuingia sokoni, mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967. Chagua swali moja dogo. Omba ruhusa kwa mwenyekiti na kwa mzee mwenyewe, na asiyetaka kurekodiwa asirekodiwe. Kisha rudini. Wasomeeni wazee mlichoandika, wawasahihishe. Usipochukua ushauri mwingine wowote, chukua huo wa kurudi.

Kuna shule niliyopita zamani ambako niliambiwa mbele ya walimu wenzangu kwamba nazururisha watoto wa watu. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu aliyesema hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa kazi zao. Mwalimu mwenzangu, utaambiwa hivyo nawe. Usibishane, mpelekee ripoti mkononi. Wala usisubiri basi, bajeti au semina. Wazee hawatusubiri: mtu aliyekata mkonge miaka ya 1950 sasa anakaribia miaka 90. Kila muhula unaoahirisha unazika shahidi. Tunalipwa kufundisha Historia, basi tuifundishe wakati wenyewe bado wanaweza kujibu.

Huna mkonge? Kongwa na Nachingwea mna mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukavunjika baada ya miaka michache. Kilwa na Songea mna Maji Maji. Tabora mna reli iliyofika 1912 na mkutano wa TANU wa Januari 1958 ulioamua suala la kura tatu, yaani sharti la kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja.

Na walimu wa Tabora, Kigoma na Njombe nina ombi nanyi. Wanafunzi wangu wameandika majina ya vijiji ambavyo manamba wa kambi hii walitoka. Ukiwa karibu na huko, niandikie nikutumie ya upande wako. Wanafunzi wako wakawaulize walioachwa nyumbani, wangu waendelee na waliofika huku, kisha madarasa yetu mawili yabadilishane madaftari.